Mwacheni Fundi Ahangaike Kwanza

Ukanda wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kuanzia Rumonge kushuka Nyanza-Lac hadi Kabonga karibu na mpaka wa Tanzania, umejaa watu wanaojua kazi yao. Kuna wavuvi wanaoingia majini usiku usio na mwezi na kutambua, kwa jinsi maji yanavyochemka chini ya taa, kama ndagala, wale dagaa wa ziwa hili, wamekusanyika vya kutosha kuinua wavu. Kuna wanawake ambao kwa kugusa tu wanajua kama samaki amekauka kiasi cha kuvumilia safari ya Bujumbura. Kuna wakamuaji wa mawese wanaopima kwa harufu iwapo chikichi zimeiva vizuri kwenye pipa. Na kuna wakulima ambao, baada ya machafuko ya 1972, waliishi zaidi ya miaka 30 katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo nchini Tanzania, kisha kuanzia 2008 wakarudi na ujuzi walioupata ugenini. Hao ndio wanaofundishwa kila mara. Mradi ukija, au ofisi ya serikali ikija, jambo la kwanza ni semina: ukumbi, ubao, mtaalamu na siku mbili za maelezo. Washiriki husikiliza kwa heshima na kupiga makofi, halafu wengi wao hurudi kwenye kazi zao na kufanya kama walivyofanya juzi.

Desturi ni kumlaumu mshiriki. Husemwa kuwa wavuvi ni wakaidi, kuwa wakulima wameng'ang'ania ya mababu, kuwa elimu ndogo ndiyo kikwazo. Naamini lawama hiyo imewaangukia wasiostahili. Kasoro iko kwenye mfuatano: maelezo yametangulia swali. Mtu mwenye ujuzi hupokea ushauri vizuri pale ujuzi wake ulipofika ukingoni mbele ya macho yake mwenyewe, amejaribu, amejaribu tena kwa njia nyingine, na anajua hasa ni wapi amekwama. Kabla ya hapo hata ushauri bora kabisa humpita, kwa sababu hauna pa kushika. Kwa hiyo anayetaka kumwinua fundi kutoka kiwango kimoja hadi kingine amwache ahangaike kwanza, kwa muda uliopimwa, halafu amfundishe. Nasema fundi, si mwanagenzi, na tofauti hiyo itabeba sehemu kubwa ya hoja yangu. Nasema pia kuwa afundishwe baadaye, kwa sababu kuhangaika kusikofuatwa na mafunzo ni kutelekezwa.

Mfano ulio karibu ni vichanja vya Mvugo, katika eneo la Nyanza-Lac. Kwa miaka mingi ndagala walianikwa juu ya mchanga wa ufukweni. Njia hiyo haikudai mtaji, na walioifanya waliijua kwa undani: samaki watandazwe kwa unene gani, wageuzwe saa ngapi, mawingu ya upande wa milimani yana habari gani. Ila mchanga uliingia kwenye samaki, ndege na mifugo walichukua fungu lao, na mvua ilipokuja samaki walioanikwa asubuhi waliweza kuwa wameoza kesho yake. Mwaka 2004 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilisaidia kuanzisha hapo kituo cha mfano chenye meza ndefu za miti zilizotandikwa wavu wa waya, zimeinuliwa kutoka ardhini ili hewa ipite juu na chini ya samaki, pamoja na vipeperushi vya kueleza namna ya kuzijenga. Watu wakaziiga, eneo la vichanja likapanuka, na waanikaji wakaongezeka. Katika muda wa kama miaka 10 bei ya kilo moja ya ndagala kavu ilipanda kutoka karibu faranga 4,000 hadi karibu 9,000. Sehemu ya ongezeko hilo ni kuporomoka kwa thamani ya faranga yenyewe, lazima isemwe. Lakini samaki asiye na mchanga hudumu zaidi na husafirishwa mbali zaidi na ziwa, na mnunuzi hulipia hilo.

Mtu anaweza kusema vichanja vilienea kwa sababu ni kifaa kizuri, basi. Ni kifaa kizuri kweli. Hata hivyo, vifaa vizuri vilivyoishia kuota kutu katika maghala ya miradi ni vingi katika Afrika Mashariki yote, na ubora peke yake hautoshi kueleza kwa nini hiki kilishikwa na kingine kikaachwa. Maelezo nayaona katika hali ya waliokipokea. Waanikaji wa ndagala walikuwa wamepigana na mvua masika baada ya masika. Walikuwa wamejaribu kila kinachowezekana juu ya mchanga: kugeuza mara nyingi zaidi, kutandaza kwa wepesi zaidi, kuwakusanya samaki mbio mbio wingu linapokaribia. Walijua kuwa hakuna tena cha kuboresha katika njia ile. Mtu wa namna hiyo akiona hewa ikipita chini ya samaki hahitaji hotuba, kwa kuwa tayari ana swali ambalo kichanja ni jibu lake. Mradi haukuwaletea mahangaiko. Uliyakuta, ukafika baada yake. Kwenye nchi yenye kazi ngumu kama hii, mara nyingi mkufunzi hana haja ya kubuni ugumu wowote. Kazi yake ya kwanza ni kuuliza watu wamekwama wapi na wameshajaribu nini.

Jambo hili limepimwa pia mbali na ziwa. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani Daniel Schwartz na John Bransford walichapisha matokeo ya jaribio lenye makundi 3 ya wanafunzi wa chuo. Kundi la kwanza lilipewa data za majaribio halisi ya saikolojia, likaachwa litafute lenyewe mambo muhimu yaliyomo, kisha likasikiliza mhadhara. Kundi la pili lilisoma maelezo yaliyokwisha kuandikwa na kuyafupisha, kisha likasikiliza mhadhara uleule. Kundi la tatu lilichambua data, likachambua tena, bila mhadhara wowote. Baadaye wote walipewa kazi ya kubashiri matokeo ya jaribio jipya. Kundi la kwanza liliwapita wenzao kwa mbali. Naomba msomaji alitazame kundi la tatu kwa makini kuliko la pili. Hao walihangaika mara mbili, na wakaachwa nyuma, kwa kuwa hakuna aliyekuja kuwakusanyia walichokigusa na kukipa umbo. Mahangaiko yaliandaa ardhi, lakini mhadhara ndio uliopanda.

Mtafiti Manu Kapur alifanya kazi kama hiyo katika shule za Singapore. Wanafunzi wa sekondari walipewa tatizo la hesabu ambalo kanuni yake hawakuwa wamefundishwa. Walibuni njia mbalimbali, karibu zote zikiwa na dosari, ndipo mwalimu akaingia na kufundisha kanuni sahihi. Katika mtihani wa kukokotoa hawakuwa nyuma ya wale waliofundishwa tangu mwanzo. Katika kuelewa maana ya kanuni na kuitumia mahali papya walikuwa mbele. Mwaka 2021 yeye na mwenzake Tanmay Sinha walikusanya tafiti 53 za namna hiyo na kukuta faida ya wastani kwa wale walioanza na tatizo kabla ya somo. Faida ilikua zaidi pale mwalimu alipojenga somo lake juu ya majaribio ya wanafunzi wenyewe, akionyesha kila jaribio lilifika wapi na lilishindwa kwa nini. Kwa watoto wadogo wa shule ya msingi faida hiyo haikuonekana.

Hapo kwa watoto ndipo pingamizi zito linapoanzia. Mwaka 2006 wanasaikolojia Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika makala iliyojulikana sana wakipinga ufundishaji unaomwacha mwanafunzi ajigundulie mambo. Hoja yao ina nguvu: akili ya mtu hubeba mambo machache tu kwa wakati mmoja, na asiyejua chochote akiachwa peke yake hutumia nguvu zote kutapatapa, asibaki na nafasi ya kujifunza. Nakubaliana nao kabisa kuhusu mwanagenzi. Kijana anayeingia mtumbwini kwa mara ya kwanza aonyeshwe jinsi ya kushika kasia, jinsi ya kufunga kamba na mahali pa kukaa, hatua kwa hatua. Lakini Sweller huyohuyo, pamoja na Slava Kalyuga na wenzao, walipowafuatilia wanagenzi wa ufundi nchini Australia waliokuwa wakijifunza michoro ya umeme, waliona jambo la pili. Maelezo marefu yaliyowasaidia sana mwanzoni yaligeuka mzigo baada ya ujuzi wao kukua. Mwaka 2003 walikusanya ushahidi wa kutosha kuonyesha kwamba mwongozo unaomfaa asiyejua unaweza kumpunguzia kasi anayejua, kwa kuwa anayejua analazimika kuoanisha maelezo mapya na ramani aliyo nayo tayari kichwani, na kazi hiyo ya kuoanisha inamchosha. Ushahidi unaoletwa kupinga kuhangaika, ukisomwa hadi mwisho, unatuambia tuangalie ni nani tunayemfundisha. Mtu aliyelima Katumba kwa miaka 30 hayumo katika hali ya mtoto wa darasa la tatu.

Fundi ana tatizo ambalo mwanagenzi hana: ujuzi wake unamficha mpaka wake. Njia yake humletea matokeo siku nyingi, kwa hiyo haoni inapoishia. Ukimwambia tu kuwa njia hiyo ina kasoro, anachokisikia ni kuwa humjui, na ana haki ya kuona hivyo. Mchikichi unaonyesha jambo hili vizuri kuliko zao lolote ninalolijua, na Rumonge ndicho kitovu cha mawese ya Burundi. Mkulima hodari hapa anajua kuchagua mbegu. Kwenye maharage na mahindi ya kienyeji kanuni yake ni ya kale na imemfaa: chukua mbegu kutoka mmea uliozaa vizuri kuliko yote. Akiwa na mchikichi wa aina ya tenera, wenye nyama nene na kokwa lenye gamba jembamba, atafanya hivyohivyo. Ataokota chikichi za mti ule bora, ataotesha, atapanda, atasubiri miaka mitatu au minne. Kisha atavuna mchanganyiko: miti mingine kama mama, mingine yenye gamba nene na mafuta kidogo, mingine haizai vizuri kabisa. Amefuata kanuni yake kwa uaminifu na kanuni imemwangusha.

Kukwama huko hakuna aibu, kwa kuwa wataalamu wenyewe waliwahi kukwama hapohapo. Katika mashamba ya Kongo, mbegu za tenera zilikuwa zikitoa watoto waliochanganyika kwa miaka kabla sababu yake haijajulikana. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen, watafiti wa kituo cha Yangambi kando ya Mto Kongo, ndio walioeleza urithi wa gamba la kokwa: tenera ni chotara. Ikizaana na tenera mwenzake, wastani wa robo ya watoto huwa na gamba nene, nusu huwa tenera, na robo hukosa gamba, na hao wasio na gamba mara nyingi hawazai matunda ya maana. Hakuna uhodari wa kuchagua mti mama utakaoondoa hesabu hiyo. Mbegu ya tenera sharti itoke kituoni, kwenye uchavushaji unaosimamiwa, kama inavyofanyika leo katika kituo cha utafiti cha TARI Kihinga ng'ambo ya mpaka, Kigoma.

Sasa linganisha njia mbili za kumfikishia mkulima wa Rumonge habari hiyo. Katika ya kwanza anaambiwa ukumbini asipande mbegu za shambani kwake, anunue miche. Anasikia biashara ya miche. Amewaona wauzaji wengi. Katika ya pili anaombwa aje na chikichi kutoka kila mti alioupanda kwa mbegu za mama mmoja. Wakulima kadhaa wanafanya hivyo, wanakata matunda kwa kisu, wanapasua kokwa, wanapanga mafungu kwa unene wa gamba. Mafungu hayalingani, na mabishano yanaanza: mmoja atasema ni udongo, mwingine mbolea, mwingine upepo ulioleta chavua ya shamba la jirani (huyu ana sehemu ya ukweli, na mkufunzi mwema atamshikilia). Kila nadharia inajaribiwa papo hapo kwa miti iliyo katika udongo mmoja. Hapo ndipo maelezo ya Yangambi yanapofaa, na yanaweza kumalizika kwa dakika chache. Zaidi ya hayo, hakuna aliyeambiwa asubiri miaka minne ili akosee. Makosa yalikuwa yamesimama shambani tayari yakizaa matunda. Yaliletwa tu mezani.

Njia hii ya pili si ndoto yangu. Shamba darasa limejengwa juu ya msingi huohuo. Lilianzia Indonesia mwaka 1989, baada ya nchi hiyo kuumizwa na dawa za kuua wadudu ambazo wakulima walikuwa wamefundishwa kuzipulizia kwa ratiba. Dawa ziliua buibui na wadudu wengine waliokuwa wakimla mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza mpunga, na mdudu huyo akazidi; hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku aina 57 za dawa kwenye mpunga. Katika shamba darasa wakulima hukutana kila wiki, huhesabu wadudu, huchora walichokiona, na huamua wenyewe la kufanya. Mtu akimletea mwezeshaji mdudu na kuuliza ni nini, mwezeshaji amefundishwa kutotoa jina. Anauliza naye: umemkuta wapi kwenye mmea, alikuwa anakula nini, walikuwa wangapi? Mara nyingi mdudu hufungiwa kwenye chombo pamoja na mwingine ili ionekane nani anamla nani. Jina huja mwisho. Mtindo huu ulifika magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990, na leo unatumika pia Burundi. Unaposhindwa, naona mara nyingi ni pale mwezeshaji asiye na muda anapogeuza mkutano wa wiki kuwa semina chini ya mti.

Kuna pingamizi lingine ninalolichukulia kwa uzito mkubwa zaidi kuliko la wanasaikolojia: maskini hawezi kumudu kuhangaika. Mwanafunzi wa Singapore akikosea, anapoteza saa moja. Mvuvi wa Nyanza-Lac akijaribu taa mpya au wavu mpya na usiku ukaharibika, mafuta yameungua, mwenye chombo anadai hesabu yake, na mabaharia wanarudi nyumbani mikono mitupu. Anayesema waache wahangaike huku yeye analipwa mshahara kila mwezi amesahau nani anabeba hasara. Jibu langu ni kuwa hasara ya kujaribu ibebwe na anayefundisha, na ukubwa wa jaribio upunguzwe hadi lisiweze kuumiza nyumba ya mtu. Kichanja kimoja kando ya mchanga, pipa moja la chikichi kati ya matano, sehemu ndogo ya shamba darasa iliyotengwa kwa jaribio. Ndiyo maana shamba darasa lina kiwanja chake na halianzi kwenye shamba la mtu. Mradi usio tayari kulipia pipa moja lililoharibika hauna haki ya kumtaka mkamuaji ajaribu.

Kuhusu hatari ya maisha sina maneno mengi. Ziwa hili lina kina cha takriban mita 1,470 na dhoruba zake huja haraka. Jaketi okozi, idadi ya watu chomboni, dalili za upepo mbaya: haya yafundishwe moja kwa moja, kwa amri ikibidi, kwa fundi na kwa mwanagenzi. Hakuna somo la kuzama linaloweza kurudiwa.

Lipo eneo moja ambalo hoja yangu inapata mtihani wake halisi, nalo ni samaki wenyewe. Historia ya uvuvi katika ukanda huu ni historia ya mafundi waliohangaika na kushinda. Walianza na mienge ya kuni na lusenga, ule wavu wa mpini mrefu wa kuchotea. Katika miaka ya 1950 zikaja taa za karabai na wavu wa kuinua unaoshikwa na mitumbwi iliyounganishwa kwa miti. Baadaye vikaja vyombo vikubwa zaidi viitwavyo Apollo, na sasa taa za umeme wa jua. Kila mara samaki walipopungua, jibu lilikuwa kuongeza: taa zaidi, saa zaidi, tundu dogo zaidi la wavu. Kwa mvuvi mmoja, kwa usiku mmoja, jibu hilo ni sahihi; anarudi na samaki wengi kuliko jirani yake. Kwa ziwa zima ni maangamizi. Hapa mahangaiko yanafundisha uongo, kwa kuwa thawabu inakuja kesho asubuhi na adhabu inakuja baada ya miaka, na inamwangukia kila mtu.

Tena sehemu ya sababu haionekani kabisa kutoka mtumbwini. Mwaka 2003 timu ya Catherine O'Reilly ilieleza katika jarida la Nature kwamba ziwa limepata joto, na maji ya juu yanapokuwa na joto zaidi yanachanganyika kidogo na yale ya kina kirefu, ambako ndiko kuliko virutubisho. Upepo wa kusini wa kuanzia Mei hadi Septemba ndio unaosaidia kuvipandisha juu. Waandishi hao walikadiria kuwa uzalishaji wa chakula cha msingi cha ziwa ulishuka kwa karibu asilimia 20, jambo linaloweza kupunguza samaki kwa karibu asilimia 30. Mvuvi hata awe hodari vipi hawezi kuhisi kwa mkono badiliko hilo dogo la joto lililojilimbikiza kwa miongo mingi. Hapa anahitaji kuambiwa, na aambiwe na mwenye vipimo. Kwa hiyo nakiri waziwazi: pale matokeo ya kosa yanapochelewa au yanapowaangukia wengine, kumwacha fundi ahangaike peke yake ni kumwelekeza kwenye shimo.

Hata hapo, mfuatano bado una maana. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika maji yake ya Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ikiwa ni hatua ya kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Hatua kama hiyo inaweza kuwa sahihi kibaiolojia na bado ikaonekana kwa mvuvi kama kufungiwa ghala lake, kwa sababu imemfikia kama jibu la swali ambalo hakuwahi kulikabili. Naona ingewezekana kuanza mapema zaidi. Ndagala ni samaki wa maisha mafupi, ya kama mwaka mmoja hivi, kwa hiyo mabadiliko yake huonekana upesi kuliko ya samaki wakubwa kama sangala. Wavuvi wa mwalo mmoja wanaweza kupima urefu wa samaki wachache kutoka kila wavu kwa msimu mzima, kufungua matumbo na kuhesabu wenye mayai, kuandika ni tundu gani la wavu lililowaleta, na kukaa pamoja kujaribu kueleza wanachokiona. Watabishana. Watatoa maelezo yasiyotosha, kama wale wakulima wa chikichi. Lakini mtaalamu atakayekuja baada ya msimu huo na takwimu za joto la ziwa atawakuta watu wenye daftari lao mkononi, ambao wanajua tayari kuwa samaki wamekuwa wadogo na hawajui kwa nini. Hesabu ya ziwa zima ingekuwa kioo cha hesabu yao wenyewe, na adhabu iliyokuwa mbali miaka kadhaa ingesogezwa karibu kiasi cha kuonekana kwenye karatasi.

Manufaa ya mwisho ya mpango huu ni ya mkufunzi. Anayeanza na hotuba hajui anamfundisha nani. Anayekaa kimya akitazama fundi akikwama anajifunza vitu ambavyo hakuna chuo kinachovifundisha: kwamba wavu wa waya unaouzwa sokoni hupata kutu kabla ya msimu kuisha, kwamba mkamuaji huacha mikungu siku kadhaa kabla ya kuchemsha kwa kuwa chikichi hung'oka kirahisi, ingawa kukaa huko ndiko kunakoongeza uchachu wa mafuta. Hakuna uvivu katika kuchelewesha huko. Ni kuokoa nguvu za mikono, na ushauri wowote wa kuchemsha mapema usioleta njia nyingine ya kung'oa tunda utakataliwa, na utastahili kukataliwa.

Gharama yake ni muda, na ndiyo sababu miradi huikwepa. Ripoti hutaka idadi ya waliofundishwa na siku walizofundishwa, na semina ya siku mbili yenye watu 60 hujaza safu hizo vizuri kuliko miezi mitatu ya kutazama vichanja sita. Anayefadhili kazi katika ukanda huu angeweza kubadilisha safu mbili tu katika fomu yake. Ya kwanza iulize: kabla ya mafunzo, washiriki walijaribu nini na walikwama wapi? Ya pili iulize mkufunzi alirudi lini. Halafu bajeti ya ukumbi ipunguzwe, na fedha hizo zinunue mafuta ya pikipiki ya kumfikisha Mvugo na Kabonga mara ya pili, na ya tatu, wakati watu bado wana swali.